Marehemu John Akii-Bua, Bingwa wa Njia ya Ndani

Ndugu wanachama, Kamati ya mkutano wetu iliponitaka niandike habari za mwanamichezo mashuhuri aliyekwisha kufariki, wengi walidhani nitachagua mchezaji wa Simba au wa Yanga. Haishangazi. Kijana aliyesomea Kariakoo, hatua chache tu kutoka Msimbazi na Jangwani, hujua majina ya washambuliaji kabla hajaijua vizuri hesabu ya kuzidisha. Nimemchagua mtu wa mbio, tena wa Uganda. Watakaonung'unika nawaomba wasome kwanza, kwa maana habari za mtu huyu zinapita hapa hapa Dar es Salaam.

John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika nchi ya Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wanane na watoto 43. Mzee alipofariki masomo ya kijana yakakatika, na baadaye akajiunga na Jeshi la Polisi mjini Kampala. Huko ofisa mmoja wa polisi, Jorem Ochana, ambaye mwenyewe alikuwa mrukaji hodari wa viunzi, akamwona na kuanza kumfundisha. Mwaka 1968 akaja kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, akamtoa katika viunzi vya mita 110 na kumwingiza katika mita 400.

Hapa naomba nieleze kidogo, kwa vile mbio hizi hazizungumzwi sana mitaani kwetu. Mkimbiaji huzunguka uwanja mzima, mzunguko mmoja kamili, na njiani huruka viunzi 10, kila kimoja karibu sentimita 91 kwenda juu, mita 35 kutoka kimoja hadi kingine. Lazima ahesabu hatua zake. Akikosea hesabu atakifikia kiunzi kwa mguu usiokuwa wake, na pale pale mbio zimemponyoka. Akii-Bua aliweza kutanguliza mguu wowote, wa kushoto au wa kulia, jambo ambalo warukaji wengi wa siku zile hawakuliweza.

Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970 alikuwa wa nne. Hakukata tamaa. Alifanya mazoezi ya kupanda vilima na kuruka viunzi akiwa amevaa kizibao chenye vipande vya risasi, ili siku atakapokivua ajione mwepesi. Mwaka 1971 aliwashinda Wamarekani kwao, huko Durham, North Carolina.

Kisha ikaja Olimpiki ya Munich. Fainali ilikuwa tarehe 2 Septemba 1972, naye akapangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa. Kwa mrukaji wa viunzi hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote, kwani kona zake ni kali na humvuta mtu ndani kila anaporuka. Waliotazamiwa kushinda ni David Hemery wa Uingereza, bingwa wa mwaka 1968 aliyeshikilia rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, na Ralph Mann wa Marekani. Hemery alitoka mbio kama mshale. Lakini katika mita za mwisho Akii-Bua aliwapita wote, akamaliza kwa sekunde 47.82. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya sekunde 48, na ile ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Uganda katika Olimpiki. Mann alipata 48.51 na Hemery 48.52. Akii-Bua hakusimama, aliendelea kuuzunguka uwanja akiwapungia watazamaji.

Siku 15 baadaye, tarehe 17 Septemba 1972, wafuasi wa Milton Obote waliingia Uganda wakitokea nchini kwetu kujaribu kumwondoa nduli Idi Amin. Walishindwa. Obote mwenyewe alikuwa akiishi hapa Dar es Salaam, pale Msasani, naye ni Mlango kama Akii-Bua. Walango na Waacholi wengi waliuawa katika miaka ile. Basi fikirini hali ya mtu yule: serikali inampandisha cheo, inampa nyumba, barabara ya Kampala inaitwa kwa jina lake, na serikali hiyo hiyo inawawinda watu wa kabila lake.

Alitazamiwa kukutana na kijana wa Marekani, Edwin Moses, huko Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Nchi za Afrika, na Tanzania mstari wa mbele, zilijitoa kwa sababu New Zealand ilipeleka timu ya raga Afrika Kusini. Moses akashinda kwa sekunde 47.64 na rekodi ikaenda. Sisi huku tumezoea kumhurumia Filbert Bayi peke yake. Naona uamuzi ule ulikuwa wa haki, ila wanariadha ndio waliobeba gharama yake.

Mwaka 1979 majeshi yetu yalipokaribia Kampala, Akii-Bua na familia yake walikimbilia Kenya, wakawa wakimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma ilimsaidia kufika Ujerumani ya Magharibi na kumpa kazi. Alikimbia tena Moscow mwaka 1980 lakini hakufika fainali. Mwaka 1983 alirudi kwao, akarejea polisi na kuwa kocha. Alifariki tarehe 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47 tu, akazikwa kwa heshima za taifa. Baadhi yetu tulikuwa bado shuleni wakati huo, na sikumbuki kama kuna aliyetuambia.

Uganda ilingoja miaka 40 kupata dhahabu ya pili ya Olimpiki, aliyoileta Stephen Kiprotich katika marathoni ya London mwaka 2012. Arnold aliyemfundisha ndiye aliyewalea baadaye Colin Jackson na Dai Greene, mabingwa wa dunia. Mwaka 2015 marehemu Nicholas Bett wa Kenya alitwaa ubingwa wa dunia mjini Beijing kwa sekunde 47.79. Baada ya miaka 43, kwa kiatu kipya na uwanja mpya, tofauti ni mia tatu za sekunde.

Shuleni kwetu viunzi havipo tena. Mafundi seremala wa Gerezani wamekubali kutengeneza 10 kwa kuanzia, vya kutosha njia moja, nami nimeiomba Kamati iweke jambo hilo katika ajenda ya mkutano, kabla ya lile la fulana.