Jenerali Tilghman na Nguvu ya Mchanga

Ikiwa unakaa Kihesa, mjini Iringa, wazijua vema siku za kiangazi ambapo upepo huinua vumbi barabarani na kukurushia miguuni. Ngozi huwasha kana kwamba imechomwa na sindano ndogo nyingi. Punje moja ya mchanga ni kitu hafifu; ukiiweka kiganjani huoni uzito wake. Lakini punje hiyo hiyo ikienda mbio huuma. Sasa utasoma habari za mtu aliyelifikiria jambo hilo dogo hata akalifanya kuwa kazi. Utaona pia jinsi kazi hiyo ilivyowadhuru mafundi wengi.

Mtu huyo aliitwa Benjamin Chew Tilghman. Alizaliwa mwaka 1821 katika mji wa Philadelphia, nchini Marekani. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akamaliza mwaka 1839, kisha akajifunza sheria. Lakini hakuifanya sheria kuwa kazi yake. Moyo wake ulivutwa na kemia, naye pamoja na ndugu yake Richard, aliyekuwa mkemia, walisafiri Ulaya kutazama viwanda vya kemikali.

Mwaka 1861 vita vilizuka nchini Marekani baina ya majimbo ya kaskazini na yale ya kusini, yaliyotaka kuendelea kuwaweka watu weusi utumwani. Tilghman alijiunga na jeshi la kaskazini. Mwezi Mei 1863, katika mapigano ya Chancellorsville, alijeruhiwa vibaya. Alipopata nafuu alipewa kuongoza Kikosi cha Tatu cha askari weusi, kilichoundwa karibu na mji wao wa Philadelphia. Baadhi ya askari hao walipata kuwa watumwa. Walipigana kandokando ya bahari huko South Carolina, kisha wakapelekwa Florida. Kwa muda mrefu serikali iliwalipa mshahara mdogo kuliko askari weupe, ijapokuwa risasi za adui hazikubagua rangi. Mwaka 1865 Tilghman alipewa cheo cha heshima cha Brigedia Jenerali.

Vita vilipokwisha alirudi kwenye majaribio yake. Kwanza alitafuta njia ya kutengeneza karatasi kutokana na mbao kwa kuziloweka katika maji yenye tindikali ya sulfurasi na kuzipasha moto. Njia yenyewe ilikuwa njema, lakini vyombo vyake vilivuja daima, naye akaiacha baada ya kutumia fedha nyingi. Watu wengine huko Ulaya waliiendeleza hata ikafaa viwandani. Mtu hupanda, mwingine akavuna.

Ndipo akaugeukia mchanga. Masimulizi husema kwamba alipata kuona vioo vya madirisha mahali penye jangwa vikiwa vimepoteza mng'ao kwa kupigwa na mchanga uliobebwa na upepo. Wengine waliviona vioo hivyo na kusikitikia hasara. Yeye alijiuliza: ikiwa upepo waweza kukikwangua kioo kwa miaka, je, upepo wenye nguvu zaidi hautaweza kufanya kazi hiyo kwa dakika chache?

Hapa yakupasa ufahamu kanuni moja. Kitu kiendacho kina nishati, na nishati hiyo huongezeka upesi kuliko mwendo. Punje ya mchanga ikienda kwa mwendo mara mbili ya ule wa kwanza, nishati yake huwa mara nne. Ikienda mara tatu, nishati huwa mara tisa. Kwa hiyo Tilghman hakuhitaji mawe makubwa. Alihitaji mwendo tu. Aliupata kwa kutumia mvuke au hewa iliyogandamizwa, akaipitisha katika bomba jembamba pamoja na mchanga, akaielekeza kwenye kitu alichotaka kukikwangua. Mwezi Oktoba mwaka 1870 serikali ya Marekani ilimpa hataza, yaani hati ya kumtambua mvumbuzi, yenye nambari 108,408.

Majaribio yake yaliwashangaza wataalamu. Kwa mchanga wa kawaida aliweza kutoboa korundamu, jiwe ambalo kwa ugumu hupitwa na almasi tu, na ambalo yakuti ni jamii yake. Mchanga ni laini kuliko jiwe hilo, lakini kwa mwendo mkali ulilishinda. La ajabu zaidi lilikuwa hili: alipofunika kioo kwa kitambaa cha nakshi, kama vile vya kupambia meza, kisha akakipiga mchanga, kioo kiliparuzwa katika matundu ya kitambaa tu, lakini nyuzi laini hazikukatika! Majani ya mmea nayo yaliacha picha yao kwenye kioo kwa namna hiyo hiyo.

Je, yawezekanaje kitu laini kikavumilia pale kitu kigumu kinaposhindwa? Kioo hakibonyei. Punje ikikigonga, nishati yake yote huishia mahali padogo, na kipande kidogo cha kioo hubanduka. Kitambaa na mpira hubonyea, vikaipokea punje polepole na kuirudisha ilikotoka. Tafadhali likumbuke jambo hili, maana utalihitaji mbele kidogo.

Uvumbuzi huo ulienea upesi. Uliandika maua kwenye vioo na kuondoa kutu na magamba kwenye vyuma vilivyosubiwa viwandani. Tena majina ya maelfu ya askari waliokufa katika vita ile aliyojeruhiwa Tilghman yalichongwa kwenye mawe ya marumaru kwa njia ya mchanga wake. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1901.

Sasa tutazame upande wa pili, ambao vitabu vingi humsifia mvumbuzi bila kuutaja. Punje ya mchanga inapogonga chuma huvunjika. Vipande vyake vingine huwa vidogo hata macho hayavioni, navyo huelea hewani kwa muda mrefu. Mchanga mwingi una madini yaitwayo silika. Fundi akivuta vumbi hilo, huingia ndani kabisa ya mapafu na halitoki tena. Mapafu hufanya makovu, yakawa magumu, na mtu hukosa pumzi hata kwa kupanda ngazi chache. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na mwenye kuupata hushambuliwa kwa urahisi na kifua kikuu. Mafundi wengi walikufa kwa ajili hiyo katika nchi zenye viwanda. Uingereza ilitunga kanuni mwaka 1949 za kukataza mchanga usitumiwe katika kusafisha vyuma kwa njia hii. Ni muda mrefu mno tangu mwaka 1870, nami naona walichelewa.

Tuje sasa Kihesa. Tuseme fundi wa pikipiki anataka kusafisha kabureta na vipande vingine vidogo vyenye kutu na masizi. Anayo mashine ya kujazia upepo magurudumu, na mchanga wa mtoni ni bure. Akisimama uani na kuupuliza mchanga huo, chuma kitatakata, lakini vumbi litamwingia yeye, wanafunzi wake wa kazi, na hata mama auzaye maandazi jirani. Kitambaa alichofunga puani hakizuii vumbi lile jembamba.

Fundi mwenye busara hutengeneza kasha. Huchukua mbao au bati akaunda sanduku lenye mlango, na pembeni mwa mlango hubandika vipande vya mpira wa baiskeli ili hewa isipenye. Ndani huweka wavu wa chuma wa kukalishia kazi, na chini ya wavu huweka bati lililopinda kama faneli ili punje zikusanyike zitumike tena. Mbele hutoboa matundu mawili ya duara, akafunga humo glavu ndefu za mpira, ili mikono iingie bila vumbi kutoka. Kwa nini mpira? Jibu umekwisha kulisoma katika habari ya kitambaa cha nakshi. Juu huweka dirisha la kioo, nalo kwa sababu ile ile hufifia upesi, basi hulifunika kwa nailoni nyeupe iangazayo, ambayo huibadilisha ikichakaa. Bomba la upande wa nyuma hufyonza hewa yenye vumbi na kuipitisha katika mfuko wa kuchuja. Kazi ikiisha, fundi hungoja vumbi litulie kabla ya kufungua mlango.

Na ndani ya kasha hatii mchanga. Kwa kutu hutumia punje za chuma. Tilghman na ndugu yake ndio waliozitengeneza baadaye kwa kupoza chuma kilichoyeyuka kwa ghafula. Kwa masizi na mafuta juu ya aluminiamu, kitu laini chafaa zaidi. Magunzi ya mahindi yaliyokauka na kusagwa hutumika viwandani kwa kazi hiyo, nayo hayaparuzi chuma laini. Mkoa wa Iringa haukosi magunzi.

Wewe usijaribu kuendesha kasha hilo, kwa maana hewa iliyogandamizwa yaweza kupenya ngozi. Lakini waweza kuiona kanuni yake bila vumbi. Tafuta misumari miwili yenye kutu. Mmoja uzungushie ukanda wa mpira katikati, ukiziacha ncha wazi. Itie yote miwili katika kopo lenye kifuniko pamoja na mchanga na maji kidogo, kiasi cha kuulowesha wote, kwa kuwa mchanga uliolowa hautoi vumbi. Funga vizuri, kisha mtikisiane kwa zamu na wenzako, hata mfikishe mara elfu moja. Itoe misumari, ioshe, fungua ukanda, ukatazame wapi kutu imepungua na wapi imebaki. Utazame na mpira wenyewe, kama umeliwa na mchanga au la, ukaandike katika daftari ulichokiona.