Padre Berard Haile na Kitenzi cha Wanavaho

Tunapowakumbuka wamisionari wa zamani, mara nyingi twahesabu makanisa waliyoyajenga na shule walizozifungua. Leo twapenda kumweleza mmoja ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza.

Jacob Haile alizaliwa mwaka 1874 huko Canton, katika jimbo la Ohio, Marekani. Alipoingia Shirika la Mtakatifu Fransisko akapewa jina la Berard. Akapata upadre mwaka 1898. Mwaka 1900 alipelekwa St. Michaels, Arizona, katika nchi ya Wanavaho. Misioni ilikuwa na umri wa miaka 2 tu, na ardhi yake ilinunuliwa kwa mali ya Mama Katharine Drexel, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2000.

Mgeni hakuwa na sarufi kamili ya kumwongoza, na ugumu wote ulikuwa katika kitenzi. Sisi tusemao Kiswahili twaweza kuufahamu kuliko Wazungu wengi, kwa kuwa nasi twatanguliza mtenda, wakati na mtendwa kabla ya mzizi. Lakini Mnavaho ana nafasi kama 10 au zaidi za viambishi mbele ya shina, na viambishi hivyo humezana hata sikio la mgeni lisitambue kimoja kilipoishia. Cha mwisho, kinachogusa shina lenyewe, wataalamu hukiita kiainishi. Viko vinne, na kimojawapo hakisikiki kabisa. Maji yakichemka, Mnavaho husema yibéézh. Mtu akiyachemsha, husema yiłbéézh. Kazi tuifanyayo sisi kwa mwisho wa neno, yeye aifanya kwa sauti moja kabla ya shina.

Jina hilo la kiainishi, kusema kweli, lapotosha, maana uainishaji wa vitu umo katika shina. Kumpa mtu tufaha kuna shina lake, kumpa kamba, lingine, karatasi, lingine, mtoto mchanga, lingine tena. Anayekosea shina amewageuza watu kuwa vitu, na padre anayefundisha dini hana ruhusa ya kukosea hapo.

Mwaka 1910 Mapadre Wafransisko wa St. Michaels walitoa kamusi kubwa ya lugha na mila za Wanavaho, na Padre Berard alikuwa na sehemu kubwa ndani yake. Mwaka 1926 akatoa sarufi. Mtu mwingine angalitosheka.

Ndipo mwaka 1929 akaja Edward Sapir, Myahudi na mwanachuoni wa Chicago, mwenye sikio la ajabu. Wakafanya kazi pamoja, akiwapo Chic Sandoval, Mnavaho aliyekuwa mkalimani wao. Ikadhihirika kwamba maandishi ya zamani hayakutosha, hasa katika toni. Katika Kinavaho azee' ni dawa, lakini azéé', kwa sauti ya juu, ni mdomo. Kamusi ya 1910 haikuzitenga toni hizo ipasavyo. Padre Berard alikuwa na miaka 55, naye alikuwa ameishi na watu hao karibu miaka 30. Hakuitetea kalamu yake. Alijifunza upya kuandika, akaanza tena.

Kwa mwandiko huo mpya aliandika pia masimulizi ya ibada za jadi, kama waganga waimbaji walivyomsimulia. Yale ya Njia ya Adui yalitoka mwaka 1938. Wako watakaouliza kwa nini padre ajishughulishe na hayo. Sisi twaona kwamba asiyejua watu wanaamini nini hawezi kuzungumza nao jambo lolote la maana, na waimbaji wenyewe hawangalimfungulia mtu waliyemwona mdhihaki.

Sapir alifariki mwaka 1939. Padre Berard akaendelea: kati ya 1941 na 1948 alitoa vitabu vinne vya kujifunza Kinavaho, na mwaka 1950 akaanza kutoa msamiati uliopangwa kwa mashina. Alifariki mwaka 1961. Karatasi zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Arizona.