Barghash na mizani juu ya pesa: Somo la alama kwa watengeneza mishumaa

WAJASIRIAMALI wa Unguja wanaotengeneza mishumaa yenye harufu ya karafuu, mdalasini au mchaichai wanalijua tatizo hili: mshumaa ukishafungwa ndani ya boksi, mteja hawezi kuunusa. Kinachobaki kumshawishi ni picha iliyo juu ya boksi. Kuhusu nguvu ya picha katika biashara, maisha ya Sayyid Barghash bin Said, mtawala aliyejenga kasri la Chukwani, yana somo la kujifunza.

Barghash alizaliwa mwaka 1837 hivi. Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, ndiye aliyeifanya karafuu kuwa zao kubwa la Unguja na Pemba, kwa jasho la watumwa. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, utawala wa Zanzibar ulishikwa na Majid, kaka yake Barghash. Mwaka 1859 Barghash alijaribu kuutwaa, akashindwa na kupelekwa uhamishoni Bombay, India, ambako alikaa kama miaka miwili. Zamu yake ilifika Oktoba 1870, Majid alipofariki.

Mwanzo wake ulikuwa mgumu. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu wakati huo ndiyo iliyoongoza kwa zao hilo. Mwaka uliofuata, kwa shinikizo la Waingereza, Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari, na soko la watumwa la mjini likafungwa.

Ni katika miaka hiyo alipojenga kasri Chukwani, kusini mwa Mji Mkongwe, ili apate hewa safi ya bahari kwa ajili ya afya yake. Mwaka 1879 alijenga reli ya maili saba hivi kutoka mjini hadi huko. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na nyumbu, na mwaka 1881 aliagiza injini kutoka kampuni ya Bagnall ya Uingereza, nchi aliyoitembelea mwaka 1875. Aidha, aliwaletea wakazi wa mji maji ya bomba kutoka chemchemi, akaanzisha kiwanda cha kupiga chapa, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib.

Hata hivyo, kwa mfanyabiashara mdogo, kazi yake yenye somo kubwa ni sarafu. Kabla ya hapo Zanzibar ilitumia fedha za kigeni, na watu walizitambua kwa picha. Reale ya Hispania iliitwa reale ya mzinga, kwa kuwa nguzo zilizochorwa juu yake zilionekana kama mizinga. Reale ya Austria ilijulikana kwa sura ya Malkia Maria Theresa.

Barghash alitengenezesha sarafu zake zenye mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1881 hadi 1882. Reale yake ya fedha ilikuwa na maandishi ya Kiarabu matupu, na haikuweza kuiondoa ile ya Maria Theresa sokoni. Lakini sarafu ndogo ya shaba, iliyoitwa pesa, ilichorwa mizani. Muuza samaki asiyejua kusoma aliitambua mara moja, kwani mizani ni chombo cha sokoni.

Barghash alifariki Machi 1888. Reli yake iling'olewa, na sehemu kubwa ya kasri la Chukwani ilibomolewa baadaye.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini kilichofungwa kwenye boksi kinahitaji wa kukisemea. Kwa mtengeneza mishumaa, tawi la mkarafuu lenye vikonyo vyake, gome la mdalasini au jani la mchaichai, likichorwa kubwa na peke yake, hutambulika hata na mgeni asiyejua Kiswahili. Kuijaza lebo maua, minazi, jahazi na maandishi marefu kunamchanganya mnunuzi, asijue ni harufu gani anayouziwa.

Picha hiyo pia ni ahadi. Ikichorwa karafuu, ndani yawemo mafuta ya karafuu, na uzito ulioandikwa uwe ule ule utakaosomwa kwenye mizani. Jambo jingine ni kulinda alama yenyewe: Zanzibar ina usajili wake wa alama za biashara, unaosimamiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA), hivyo aliyesajili BRELA kwa ajili ya Tanzania Bara bado hajailinda alama yake Visiwani.

Mshumaa wenye picha ya karafuu usionukia karafuu hununuliwa mara moja tu.