Mbuzi wa Ibn Zuhr

Mwezi uliopita sisi wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne tulifundishwa namna ya kumfungulia njia ya hewa mtu aliyezibwa koo. Hatukupewa mgonjwa. Tulipewa makoo ya mbuzi waliochinjwa asubuhi ile, yamenunuliwa bucha, kila watu wawili koo moja. Mwalimu akataja kwa kupita tu kwamba tabibu mmoja wa Andalusi aliwahi kulijaribu jambo hili kwa mbuzi karibu miaka mia tisa iliyopita, kisha akaendelea na somo. Mimi nilibaki na yule tabibu, na jioni nikaenda kumtafuta maktaba.

Jina lake ni Abu Marwan Abd al-Malik ibn Zuhr. Wazungu waliomsoma kwa Kilatini wakamwita Avenzoar. Alizaliwa Ishbiliya, mji unaoitwa leo Seville, mwishoni mwa karne ya 11. Babu yake alikuwa tabibu, na baba yake, Abu al-Ala, alikuwa tabibu mwenye jina kubwa kuliko wote katika nchi ile. Baba ndiye aliyemfundisha. Kwa hiyo msimdhanie kijana maskini aliyejitafutia elimu kwa taabu. Vitabu vilikuwa nyumbani, mwalimu alikuwa nyumbani, na milango ya watawala ilikuwa wazi. Mtu wa namna hiyo angeweza kuishi vizuri sana kwa kukariri tu waliyoyasema waliotangulia.

Na waliotangulia walikuwa wamekhitilafiana juu ya koo. Tangu zama za Wayunani matabibu waliandika kwamba mtu akizibwa kooni kwa uvimbe hata akakaribia kufa, bomba la hewa litobolewe chini ya kizuizi ili avute pumzi. Wengine wakapinga, wakasema bomba hilo ni la gegedu, na gegedu likikatwa haliungi tena. Al-Zahrawi wa Qurtuba, aliyefariki zaidi ya miaka mia moja kabla ya kifo cha Ibn Zuhr, alieleza kisa cha kijakazi aliyejikata koo kwa kisu. Alipoitwa alikuta pumzi inatokea kwenye jeraha. Akalishona, yule binti akapona, ikabaki sauti iliyokwaruza. Hapo al-Zahrawi akaona kwamba kukata mahali pale si lazima kuue. Lakini hiyo ilikuwa ajali, haikuwa jaribio, na yeye mwenyewe hakumwona mtu katika nchi yake aliyeifanya kazi hiyo kwa makusudi.

Ibn Zuhr alizisoma khitilafu hizo akiwa bado mwanafunzi. Hili ndilo lililonishika: alikuwa katika umri wetu wa kujisomea, si shekhe mwenye kilemba kikubwa. Akachukua mbuzi. Akapasua ngozi ya shingo, akapasua utando ulio chini yake, kisha akaondoa kipande cha bomba lenyewe kidogo kuliko punje ya turmus, ambayo ni punje bapa ya jamii ya maharage. Baada ya hapo akawa analiosha jeraha kwa maji na asali, tena na tena, mpaka likaziba. Mbuzi akapona kabisa, akaishi muda mrefu. Habari yote hii katika kitabu chake, al-Taysir, haichukui hata ukurasa.

Nilipomsimulia mwenzangu wa chumbani, alicheka. Akasema mbuzi ni mbuzi, tunamla kila Idi, kuna nini cha kuandika? Nikamwambia hata kumla tumeruhusiwa kwa masharti: kisu kinolewe, na mnyama asiteswe. Mtume (s.a.w.) alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha ya mishale. Na mbuzi wa Ibn Zuhr alikatwa akiwa hai, katika zama ambazo dawa ya usingizi tunayoitumia leo haikuwepo. Aliumia, na sitaki kulificha hilo kwa sababu tu aliyemkata ni mtu wetu tunayejivunia.

Hata hivyo, nikipima naona tofauti kati yake na mtesaji. Alikuwa na swali moja ambalo vitabu vilishindwa kulijibu, na jibu lake lilikuwa uhai wa watu. Katika habari yake anataja mbuzi mmoja. Na kazi kubwa haikuwa kukata. Kukata ni dakika chache. Kazi ilikuwa zile siku za kuosha kidonda, kwa kuwa swali lenyewe lilikuwa kama gegedu litaunga au halitaunga. Mbuzi akifa kwa kutojaliwa, jaribio limekufa naye. Mwaka 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, waliweka kanuni zinazofuatwa leo katika maabara nyingi: tumia kitu kingine badala ya mnyama hai ukiweza, tumia wanyama wachache, na punguza maumivu. Ndiyo maana sisi tulipewa makoo kutoka bucha. Lile swali la Ibn Zuhr limekwisha kujibiwa, hatuna ruhusa ya kumuumiza mbuzi mwingine ili kuliuliza tena.

Maisha yake ya baadaye hayakuwa mepesi. Aliwatumikia al-Murabitun, na mwaka 1121 akamwandikia mwana wa ukoo wao, Ibrahim ibn Yusuf, kitabu cha al-Iqtisad. Kisha akakosana na amiri Ali ibn Yusuf, akafungwa Marrakesh. Dola ile ilipoanguka mwaka 1147 akawa tabibu wa Abd al-Mu'min, mtawala wa al-Muwahhidun. Al-Taysir aliiandika kwa kuombwa na rafiki yake Ibn Rushd, yule yule mwanafalsafa, na mwaka 1490 ikachapishwa Venice kwa Kilatini. Mwanawe Abu Bakr akawa tabibu, na binti yake pia akatibu wanawake wa jumba la mtawala.

Alifariki Ishbiliya mwaka 1162 kwa uvimbe. Wanahistoria wa matabibu wanaeleza kwamba alijitibu mwenyewe kwa dawa za kupaka, na mwanawe alipomshauri abadilishe dawa, akamjibu kwamba Mwenyezi Mungu akishataka mwili huu ubadilike, hakuna dawa itakayofaa. Allah amrehemu.

Ama koo letu sisi, mwenzangu alilishika na mimi nikakata. Nilikata pana mno, tundu lingeingiza punje mbili za turmus. Mwalimu akalitazama, akaniambia mgonjwa huyo ningemwachia kovu linalobana pumzi, kama angepona. Kesho yake nikatangulia bucha kabla hawajafungua.