Saxton Pope: Daktari aliyewinda simba wa Tanganyika kwa upinde

MWAKA 1925 daktari wa upasuaji kutoka San Francisco, Marekani, aliwasili Tanganyika akiwa na shehena ya pinde na mishale. Alikuja kuwinda simba.

Katika nchi hii hadithi ya mwindaji na simba si ngeni. Wasambaa wanamkumbuka Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Nguu na kupitia Zirai pamoja na mbwa wake. Masimulizi yaliyokusanywa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi yanasema kuwa Mbegha aliua simba akiwa njiani kwenda Vugha, akapata jina la Simbamwene na baadaye utawala wa Usambara.

Dk. Saxton Temple Pope hakuwa akitafuta utawala. Alikuwa na swali moja, na swali hilo lilikuwa limemshughulisha kwa zaidi ya miaka kumi: je, silaha iliyoachwa na mataifa yenye bunduki ingali na uwezo wa kumwangusha mnyama mkali, ikiwa mkononi mwa mtu aliyejifunza kuivuta sawasawa?

Pope alizaliwa Septemba 1875 huko Fort Stockton, Texas, katika kambi ya jeshi ambamo baba yake alikuwa daktari. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha California mwaka 1899, akatibu wagonjwa kwa miaka kadhaa katika mji mdogo wa Watsonville, kisha mwaka 1912 akahamia San Francisco kufundisha upasuaji katika chuo kilekile.

Uhamisho huo ndio uliogeuza maisha yake. Jirani na hospitali ya chuo kulikuwa na makumbusho, na ndani ya makumbusho hayo aliishi mtu mmoja ambaye magazeti ya Marekani yalikuwa yamemwandika sana.

Mtu huyo aliitwa Ishi. Alikuwa wa mwisho katika kabila la Wayahi, watu wa asili wa milima ya California ambao walikuwa wameuawa na walowezi kwa bunduki, kundi baada ya kundi. Agosti 1911 alitokea peke yake karibu na mji wa Oroville, mwenye njaa, akiwa amepoteza ndugu zake wote. Hata jina la Ishi halikuwa lake. Lina maana ya mtu tu katika lugha yao, na alipewa na mwanazuoni Alfred Kroeber kwa sababu mila ilimkataza kutaja jina lake halisi.

Pope alikuwa tabibu wake, na baada ya muda mfupi akawa mwanafunzi wake. Ishi alimfundisha kuchonga upinde, kuunganisha manyoya kwenye mshale na kutengeneza chembe kwa jiwe la volkano au kwa kioo cha chupa iliyovunjika. Mwaka 1914 walisafiri pamoja hadi Deer Creek, nchi ya ujana wa Ishi, wakiwa na Kroeber na mtoto wa kiume wa Pope.

Kilichomvutia zaidi daktari yule, pengine kwa kuwa kazi yake mwenyewe ilitegemea vidole, ni namna Ishi alivyoushika upote, yaani kamba ya upinde. Ishi alivuta kwa dole gumba. Alilikunja chini ya mshale, likaikamata kamba, na kidole cha kati kikalisaidia kwa kulikandamiza nchani. Upinde wenyewe hakuusimamisha wima. Aliulaza karibu sawa na ardhi, akaushika kwa wepesi mkono wa kushoto, hata ukaweza kugeuka kiganjani baada ya mshale kutoka.

Uvutaji huo unafanana na ule wa Wamongolia, ingawa Wamongolia huvaa pete gumbani na Ishi hakuvaa chochote. Unafaa upinde mfupi. Wa Ishi ulihitaji nguvu ya takriban kilo 20, na mtu angeweza kuutumia akiwa amechuchumaa kichakani bila tawi kumzuia.

Pope alijifunza mtindo huo, lakini hakuufuata. Yeye alichagua upinde mrefu wa Kiingereza uliochongwa kwa mti wa yew, wenye urefu unaokaribia kimo cha mtu na uzito wa mvuto wa kilo 34 au zaidi. Kwa upinde wa namna hiyo gumba peke yake huchoka upesi, hivyo wapigaji wa Ulaya tangu kale hutumia vidole vitatu: cha shahada juu ya mshale, cha kati na cha pete chini yake. Kamba hukaa kwenye pingili za mwisho, na vidole huvikwa ngozi ili visichubuke.

Katika vitabu vyake Pope alieleza mambo hayo kwa utulivu wa mwalimu wa upasuaji. Mpigaji husimama ubavu ukielekea shabaha. Mkono wa kushoto hunyooka na kukaza. Mkono wa kulia huvuta hadi kwenye taya, mahali palepale kila mara, kwa maana mkono ukisimama mbele kidogo leo na nyuma kidogo kesho mshale hauwezi kwenda pamoja na jicho.

Sehemu ngumu ni kuachia. Wengi hudhani kuachia ni kufungua vidole tu. Anayefungua huku mkono ukirudi mbele hupoteza nguvu ya upinde, na anayeikwangua kamba kwa kidole kimoja hupotosha njia ya mshale. Vidole vyote vitatu sharti viiache kamba kwa wakati mmoja, mabega yakiendelea kuvuta nyuma, na mpigaji abaki katika umbo lilelile mpaka mshale ufike. Mwingereza Roger Ascham alikwisha kuyagawa mafunzo ya upinde katika hatua za namna hiyo mwaka 1545, lakini Pope aliyapima upya kwa mizani na saa.

Alipima pia pinde za makumbusho kutoka mabara mbalimbali, na mwaka 1923 akachapisha matokeo. Katika jaribio moja alipiga mishale kwenye kisanduku kilichojazwa maini ya ng'ombe na kufunikwa ngozi ya paa, akaona chembe ya jiwe la Ishi ikizama ndani zaidi kuliko ya chuma. Katika jingine alitaka kujua kama mshale hupenya vazi la kivita la minyororo ya chuma. Mtumishi mmoja wa makumbusho alijitolea kulivaa ili apigwe. Kwa bahati yake daktari alikataa, akalivisha sanduku la mbao, na mshale ukapita vazi na ubao.

Ishi hakuyaona majaribio hayo yote. Alifariki kwa kifua kikuu Machi 25, 1916. Kroeber, aliyekuwa New York, aliandika barua kusihi mwili usipasuliwe, kwa kuwa Ishi aliichukia desturi hiyo. Hata hivyo ulipasuliwa hospitalini kwa Pope, na ubongo ukatolewa. Rafiki huyohuyo aliyekubali jambo hilo ndiye aliyehakikisha kuwa Ishi anachomwa pamoja na upinde wake na mishale, kama mila ilivyotaka. Ubongo ulipelekwa katika taasisi ya Smithsonian na ukakaa huko mpaka mwaka 2000, ulipokabidhiwa kwa watu wa asili wa California walio karibu na Wayahi na kuzikwa kwao. Hapo ndipo doa kubwa katika maisha ya Pope lilipo, na sifa za upinde hazilifuti.

Mwaka 1920 Pope na mwenzake Arthur Young walipata kibali cha kuwinda dubu wakubwa wa Yellowstone kwa mishale, kwa ajili ya Chuo cha Sayansi cha California. Walifaulu. Kilichobaki kilikuwa Afrika.

Waliofuatana kwenda Tanganyika walikuwa Pope, Young na mwandishi Stewart Edward White, pamoja na Leslie Simson, injinia wa migodi aliyezifahamu vizuri nyika za Afrika Mashariki. White na Simson walikuwa hodari wa bunduki, na bunduki hizo zilikuwa karibu siku zote.

Zilihitajika. Mshale usio na sumu huua kwa kutoa damu. Paa aliyepigwa hukimbia na kuanguka mbali, lakini simba aliyepigwa anaweza kumrukia mpigaji kabla damu haijamwishia. Baadhi ya simba wa safari ile walikufa kwa mishale peke yake. Wengine walimaliziwa kwa risasi.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi walikuwa na jibu lao kwa tatizo hilo tangu zamani: sumu ya mimea kwenye chembe. Wawaata wa upande wa Tsavo, Kenya, walitumia sumu pia, na pinde zao zilivutwa kwa nguvu ya kilo 45 na zaidi, sawa na pinde ndefu za vita za Waingereza. Kwa vidole hivyo waliangusha tembo. Pope alirudi kwao na kitabu na heshima, ilhali Wawaata walipata jina la majangili, na katika operesheni ya Tsavo ya miaka ya 1956 na 1957 wengi wao walikamatwa na kufungwa.

Kitabu cha Pope juu ya safari ya Afrika kilitoka mwaka 1926. Mwandishi wake hakupata muda wa kukifurahia. Agosti 8 mwaka huohuo alifariki San Francisco kwa nimonia, akiwa na umri wa miaka 50. Young alimfuata mwaka 1935. Mwaka 1961 wawindaji wa upinde wa Marekani waliunda chama kinachobeba majina yao wawili.