Colin Chapman: Mhandisi aliyeipa Lotus sifa ya wepesi

COLIN Chapman, Mwingereza aliyeasisi kampuni ya magari ya Lotus mnamo 1952, aliamini kwamba siri ya kasi si injini kubwa bali gari jepesi.

Alizaliwa 1928, akasomea uhandisi jijini London. Gari lake aina ya Elan, lililozinduliwa 1962, lilikuwa na uzani wa takriban kilo 700 pekee. Mwaka uo huo aliunda Lotus 25, gari la mashindano ambalo bodi yake ndiyo iliyokuwa fremu. Jim Clark alilitumia kutwaa ubingwa wa dunia wa Formula One 1963. Kufikia 1978, Lotus ilikuwa imenyakua mataji saba ya watengenezaji.

Hata hivyo, wepesi huo ulikuwa na gharama. Wakosoaji walilalamika kwamba magari hayo yalikuwa dhaifu mno. Mwaka 1970, Jochen Rindt alifariki akiendesha Lotus katika mazoezi mjini Monza, Italia, akatawazwa bingwa wa dunia baada ya kifo chake.

Chapman aliaga dunia Desemba 1982 kutokana na mshtuko wa moyo, akiwa na umri wa miaka 54. Mnamo 2022 kampuni hiyo ilizindua Eletre, gari la umeme lenye uzani wa zaidi ya tani mbili. Jina ni lile lile, ila fikra iliyolizaa haionekani tena.