Robert Koch: Aliyemwona Adui Kabla ya Silaha Kupatikana

Wakaazi wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Dandora na Kayole, wanakijua kifua kikuu. Aliyetambua chanzo chake hawamjui sana, ingawa alifika hata Afrika Mashariki.

Robert Koch alizaliwa Desemba 11, 1843, huko Clausthal, Ujerumani. Alisomea udaktari Göttingen, kisha akawa daktari wa wilaya ya mashambani ambako mifugo ilikuwa ikifa kwa kimeta. Kwa hadubini na panya aliowafuga nyumbani, alithibitisha mwaka 1876 kwamba bakteria wa aina moja mahsusi ndiye aletaye maradhi hayo. Machi 24, 1882, mjini Berlin, alimtangaza bakteria wa kifua kikuu. Siku hiyo huadhimishwa duniani hadi leo.

Bakteria ni kiumbe mwenye seli moja, aliye na uwezo wa kujigawa mwenyewe. Virusi haviwezi kuzaana mpaka viingie katika seli ya kiumbe kingine. Neno letu vijidudu hubeba yote mawili (wanaistilahi wanisamehe), kwa hiyo si ajabu mwenye mafua, yaletwayo na virusi, kununua kapsuli za kuua bakteria zisizomfaa kitu.

Mwaka 1890 Koch aliteleza. Alitangaza tuberkulini kuwa tiba ya kifua kikuu; wagonjwa wakamiminika Berlin, lakini haikuwaponya, na baadhi yao walikufa. Dawa hiyo ilibaki kuwa kipimo tu cha ngozini. Nadhani sifa ilimharakisha.

Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Karibu na wakati huo, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, alichunguza homa ya papasi na kuonyesha kwamba papasi hurithisha bakteria wake kupitia mayai. Mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Ssese, Uganda, kupambana na malale. Kimelea cha malale si bakteria, lakini kisa hiki kina uzito katika historia ya dawa. Koch aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki; alipoongeza kipimo, baadhi yao wakapofuka. Dawa ya namna hii hutakiwa kumuua mvamizi na kumwacha mwenyeji salama, na atoksili haikuweza. Hilo lisifichwe nyuma ya sifa zake.

Paul Ehrlich, aliyewahi kufanya kazi chini ya Koch, aliunda misombo mingi ya aseniki kutokana na atoksili hiyo. Mwaka 1909, pamoja na Sahachiro Hata, alipata Salvarsan, dawa ya bakteria wa kaswende.

Koch alifariki Baden-Baden Mei 27, 1910, kifua kikuu kikiwa bado hakina dawa. Streptomaisini ilipatikana mwaka 1943. Ilipotumiwa peke yake, bakteria wachache wenye usugu walisalia, wakazaana, na ugonjwa ukarudi. Ndipo dawa zikaanza kuchanganywa. Kuanzia mwaka 1970, majaribio yaliyofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia yalionyesha kuwa mchanganyiko wenye rifampisini huponya kwa miezi 6, badala ya mwaka mmoja na nusu. Miezi hiyo ndiyo anayopewa kwa kawaida mgonjwa wa Eastlands leo. Kikohozi huweza kutulia katika wiki za mwanzo, hali bakteria waliolala wangali mapafuni, na vidonge vya miezi iliyosalia ni vya kuwamaliza hao.